Banda la Nkambo Halina Magurudumu

Ukitaka kulijua joto la mwezi wa kumi huku kwetu kwenye ukingo wa ziwa Mweru, upande wa Zambia, weka kiganja juu ya bati saa sita mchana. Mimi niliweka wiki iliyopita, kando ya barabara pale Nchelenge, kwenye banda la kuku la fundi mmoja wa kuchomelea, nikautoa mkono haraka huku nikisonya. Banda lenyewe lilikuwa zuri kwa macho, siwezi kumnyima fundi haki yake. Lilipakwa rangi ya buluu, lina komeo, lina kidirisha chenye wavu, na chini lina magurudumu ya toroli. Nilikuwa nimekwenda na nia ya kweli ya kununua. Nimerudi kuishi kwenye kiwanja cha bibi yangu kule Kabuta, baada ya miaka mingi ya kushona nguo Mansa, na kwetu sisi nyumba isiyo na kuku ni nyumba inayomwogopa mgeni.

Fundi alinisikiliza nikiuliza habari za banda, akaisikia lafudhi yangu, akatabasamu. Aliona amepata neno la kuuzia.

"Mayo, hii iko muzuri sana kwenu nyinyi," akasema, akiniita mama kwa Kibemba. "Iko na magurudumu. Siku mutarudia kwenu ku Congo, munaisukuma tu mpaka ku bwato."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Mtu akikutukana unajua la kufanya. Mtu akikuhurumia unabaki umeshika mkoba. Ziwa hili nililivuka nikiwa mgongoni mwa mama, sijajua hata kutembea. Meno ya utoto yaling'okea Kabuta. Nimebatizwa hapa, nimesoma hapa, nimezika hapa. Na bado mtu ninayemzidi umri ananichagulia banda la kupakia mtumbwini nikihama. Nikamwambia, "Ingiza kichwa humo ndani, uniimbie wimbo mmoja wa kanisani mpaka ubeti wa mwisho." Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Hicho ndicho kipimo cha banda nilichofundishwa utotoni, na keti nikueleze kilikotoka.

Kilitoka kwa bibi, mama yake mama, ambaye sisi watu wa upande wa Katanga tulimwita Nkambo. Mama alikuwa akipeleka samaki wakavu bara, leo kwa lori, kesho kwa baiskeli, na kurudi kwake ilikuwa bahati nasibu. Kwa hiyo aliyenilea ni Nkambo. Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti yake ilitosha kumrudisha mtoto kutoka majini bila yeye kuinuka alipoketi. Vita vilipowasukuma kutoka ng'ambo, kila mtu alibeba alichoona kina maana, huyu cherehani, yule godoro. Nkambo alibeba kuku. Aliwafunga miguu kwa nyuzi za wavu, akawalaza chini ya ubao wa mtumbwi, na mwenye mtumbwi alipotaka wamwagwe majini ili kupunguza uzito, Nkambo alimwambia sawa, ila aanze kujimwaga yeye mwenyewe.

Kati ya kuku hao kulikuwa na mtetea mwekundu mwenye shingo tupu, yaani asiye na manyoya tangu kidevuni hadi kifuani. Sura yake ilichekesha watoto wote wa Kabuta. Nkambo alimpenda kuliko baadhi ya wajukuu, na alilisema hilo wazi.

Walipofika, aliwafunga kuku wote kamba mguuni na kuwaunga kwenye nguzo, ili wapazoee mahali wasije wakapotea. Wanawake wa jirani waliopita walimwona, wakamtupia methali ambayo wewe pia unaijua: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walicheka, na kicheko kile hakikuwa cha kuku peke yake. Nkambo naye alicheka, akawakubalia, "Njo vile. Lakini kamba inaozaka." Kisha akaenda kukata nguzo za banda.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo walilifanya wanawake wote waliovuka. Ng'ambo, ziwa liko upande wa mawio. Banda la kuku unalifungua kuelekea ziwani: asubuhi kuku wanapata jua changa na hewa ya maji, na alasiri wanakaa katika kivuli cha ukuta wa nyuma. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo, mikono inalijua yenyewe. Nkambo akajenga Kabuta kama alivyojenga maisha yake yote, upande wa wazi ukitazama maji. Ila upande wetu huu ziwa liko machweo. Yeye alikuwa amevuka, mikono yake ilikuwa bado haijavuka. Alasiri jua liliinama juu ya ziwa, likapiga maji, likaingia bandani lote pamoja na mng'ao wake. Mayai ya kuatamia yaliharibika. Jioni kuku waligoma kuingia, wakalala juu ya paa la jiko. Mama alizoea kusema kwamba mwaka ule hukuhitaji kuuliza nyumba za wakimbizi ziko wapi. Ungezitambua kwa mabanda yaliyolikodolea ziwa macho.

Kuligeuza banda ni kazi ya asubuhi moja. Kuamua ndiko kulikomchukua Nkambo muda mrefu. Jioni alipenda kukaa mbele ya banda lile, akiwatupia kuku chenga za mihogo, akitazama milima ya kwao ng'ambo, siku ambazo moshi wa mashamba hauifichi. Akiligeuza, atakuwa anawalisha kuku huku ameipa mgongo nchi yake. Mama alisimulia kwamba aling'oa nguzo ya kwanza akilia, na alipofika ya mwisho alikuwa amekwisha kukausha machozi na analitukana jua. Aliweka ukuta mfupi usio na tundu upande wa ziwa, na pande mbili ndefu akaziacha wazi, moja kaskazini na moja kusini. Jirani alipomuuliza kama sasa amesahau kwao, alijibu kwa kifupi.

"Bakuku habana na kwabo ng'ambo," alisema. "Bakuku beko hapa."

Banda hilo lililogeuzwa ndilo nililolijua mimi. Lilisimama juu ya nguzo zilizozidi kiuno changu cha mtoto, ili hewa ipite chini na unyevu wa masika usiwafikie kuku. Sakafu ilikuwa fito zilizopangwa kwa nafasi. Mavi ya kuku yalianguka chini, nami niliyazoa kila asubuhi na kuyapeleka kwenye bustani ya mboga. Pande za wazi Nkambo alizishona kwa nyavu kuukuu za wavuvi, zikizuia kuku kutoka bila kuzuia upepo kuingia. Paa lilikuwa la nyasi nene, limeteremka mbele na nyuma hadi mtu mzima ilimbidi ainame kidogo, na chini ya kilele aliacha mwanya wa kutolea joto. Nilitandaza majivu kwenye viota dhidi ya utitiri. Mchana nilijaza maji kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, kwa sababu chungu hupoza maji na sufuria huyachemsha. Nikifumba macho sasa hivi nasikia harufu ya kazi hizo: mihogo iliyolowekwa, chisense wakikauka mchangani, na lile vumbi tamu la nyasi za zamani. Hivyo visamaki vya chisense vilivyobaki chini ya turubai vilikuwa vya kuku, lakini nusu nilikula mimi.

Nyasi zilipobadilishwa, Nkambo alinituma ndani saa saba mchana. Nilitambaa katikati ya fito za kulalia, nikaketi, nikaimba wimbo wa kanisani kutoka mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa nje amekaza sikio. Nikimaliza bila kuhema, banda limefaulu. Nikikata ubeti ili nivute pumzi, anapanua mwanya au anapunguza kuku. Kuku anayelala, alisema, lazima aweze kutanua bawa bila kumpiga jirani yake kofi. Watoto wenzangu walinicheka kwamba natunza kwaya ya kuku, na kweli kuna nyimbo ambazo hadi leo nikiziimba kanisani naona manyoya.

Nilikuwa na miaka kama tisa hivi mama mdogo, binti wa mwisho wa Nkambo, alipochumbiwa na mvuvi mzaliwa wa Kabuta. Watu wa huku, kabla ya ndoa, upande wa mwanamke hupika amatebeto. Vyakula vyote ambavyo bwana harusi atakuja kuvila katika nyumba yake vinapikwa, vinabebwa kichwani kwa ngoma na vigelegele, vinawekwa mbele yake kimoja kimoja. Katikati ya yote hukaa kuku mzima, asiyekatwakatwa, na firigisi lake ndani. Hiyo si mila yetu ya kuzaliwa nayo, Nkambo alijifunza kwa kuuliza. Lakini alielewa haraka maana yake: anayepika amatebeto ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba si mtu wa kupita.

Maana kulikuwa na swali. Lilitusubiri sokoni, kisimani, hata mlangoni mwa kanisa: mutarudia lini kwenu? Aliyelipenda zaidi ni mama wa yule mvuvi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye heshima zake, muuza samaki, Mbemba aliyejifunza Kiswahili kwa kufanya biashara na watu wa ng'ambo, na kila alipokutana na Nkambo alimsalimu kwa adabu kisha akauliza. "Mutarudia lini kwenu, bamayo?" Usinielewe vibaya, aliogopa kwa haki yake. Mwanawe akioa msichana ambaye watu wake watapanda mtumbwi kesho, nani atalea wajukuu? Nkambo hakujibu. Alianza kunenepesha kuku, kwa mahindi ambayo sisi wenyewe tungeyapenda.

Hapo ndipo mjomba alipoingia, mdogo wake mama, aliyekuwa akifanya kazi za mikono kule miji ya migodi. Alikuja na lori la samaki akiwa amekalia mabati yaliyotumika. Hayakutosha nyumba. Yalitosha banda la kuku, na banda letu lilikuwa karibu na njia, mahali ambapo wakwe lazima wapite.

"Bakwe bakikuya, kitu ya kwanza bataona njo majani," alimwambia Nkambo. "Batasema, bale ni bakimbizi, banalalisha hata kuku mu majani. Malata ni heshima, mama."

Malata ndiyo hayo mabati. Sitamchora mjomba kuwa mjinga, kwa sababu hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka kuonewa huruma. Na tena alikuwa na hoja: fungo walikuwa wanapanda zile nguzo na kutoboa nyavu, na kuku walikuwa wanapungua. Alijenga banda lake kwa siku chache, akigonga misumari huku akipiga mbinja. Lilikuwa limefungwa pande zote kama kasha, na mlango wake una kufuli kubwa. Lilipokuwa tayari Nkambo alilizunguka, akamshukuru mwanawe kwa mikono miwili, kisha akaniangalia. Nilijua kazi yangu. Niliingia, nikaanza kuimba, na sikufika kwenye kiitikio. Nilitoka nimelowa jasho, kope zikiniwasha.

"Kuku haiimbake," mjomba alisema kwa hasira.

"Njo maana inakufaka bila kusema," Nkambo alimjibu.

Banda la bati likabaki tupu, likimulika njia nzima, na mjomba akanuna siku mbili tatu. Kisha Jumamosi usiku fungo akaja tena, akaondoka na mmoja wa mitetea walionona, na asubuhi mjomba alitazama manyoya yaliyotapakaa chini. Tulikwenda kanisani sote, yeye akasema atabaki. Tulipokwisha kuondoka aliwakamata kuku mmoja mmoja, akawatia katika banda lake, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akachukua baiskeli kwenda Nchelenge kutafuta vinywaji vya sherehe. Nadhani alitaka turudi tukute kazi imekwisha, na wakwe wakipita waone bati likiwa na kuku ndani.

Ibada ilirefuka kwa sababu kulikuwa na mhubiri mgeni. Tulitoka jua likiwa utosini, na mama wa bwana harusi alifuatana nasi ili wapatane na Nkambo habari za vyungu. Njiani aliuliza swali lake, kama kawaida yake. Nkambo hakujibu, kama kawaida yake. Tulipoingia kiwanjani nilihisi kitu kimepungua, nikachelewa kujua ni nini. Hakuna kuku aliyekuja kutulaki. Kutoka ndani ya bati kulikuwa na sauti ndogo ya kukwaruza.

Nkambo alivuta kufuli mara moja. Alikwenda jikoni akiwa amevaa kitenge chake cha akina mama wa kanisa, akarudi na shoka la kuni, akalipiga lile bati. Lililia kwa sauti ambayo watu waliisikia hadi kwenye mitumbwi. Alipolipasua, hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama mtu aliyefunua chungu. Kuku walikuwa wamerundikana kwenye kona moja, midomo wazi, mabawa yameachia. Tuliwavuta mmoja mmoja tukawapeleka chini ya mwembe. Nilikimbia na maji ya mtungi, tukawalowesha miguu na vilemba, na nilipogeuka nilimwona mama wa bwana harusi, na uzito wake wote na heshima zake, amepiga magoti mavumbini, amefungua kitenge cha juu, anawapepea kuku wetu.

Wengi hawakuamka. Walionona ndio walioanza kufa, maana mafuta na joto haviketi pamoja. Yule mtetea wa shingo tupu alilala ubavu kwa muda mrefu, shingo yake nyekundu ikipiga, kisha akasimama, akatembea kwa kuyumba, akanywa maji kwenye kigae. Nkambo alikuwa hajalia hata chozi. Alipomwona yule akinywa, ndipo alipolia.

Mjomba alirudi alasiri. Alisimama na baiskeli mkononi, akatazama bati lililopasuliwa, akatazama safu ya kuku waliolala. Alifikiri haraka, kwa sababu ya hofu. Akasema wachinjwe wale ambao bado wanahema kwa shida, wabanikwe leo, na siku ya sherehe nani atajua.

"Miye nitajua," Nkambo alisema. "Kuku ya bakwe inakufaka na kisu. Haikufake na joto."

Akampa jembe. Mjomba alichimba shimo pale kwenye migomba, akawazika wote waliokufa, hata wale ambao jirani walisema ni upotevu. Alichimba akilia wazi mbele ya yule mama mkwe, na hakuna aliyemcheka.

Sasa shida ikawa tumebakiwa na mitetea wawili waliokonda, vifaranga kadhaa, na yule shingo tupu. Amatebeto ilikuwa mwisho wa juma. Jirani walikuwa watu wema, na mmoja baada ya mwingine alileta neno kwamba ana jogoo, kwamba achukuliwe, kwamba watu hawatauliza. Hata mama wa bwana harusi alikuja kwa siri jioni moja, ameficha kuku ndani ya kikapu, ili mambo yasiharibike. Nkambo alimfanyia heshima zote, akamketisha, akampa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akamrudishia kikapu chake na kuku wake ndani.

"Aksanti, bamayo. Lakini kuku ya kuazima inarudiaka kwabo."

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla jua halijatoka na ziwa kuwa jeupe, Nkambo alimshika yule mtetea mwekundu. Alikuwa wa mwisho kati ya wote waliovuka. Alimbeba kwapani, akamzungusha kiwanja kizima, kwenye banda, kwenye migomba, kwenye mlango wa nyumba, akimwambia maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akamchinja mwenyewe. Nililia hadi nikatapika, na mimi si mtu wa kulia kwa ajili ya kuku. Alipikwa tangu alfajiri hadi mchana, kwa sababu alikuwa mzee, na kuni tulizozimaliza zingetosha kubanika mtumbwi wa samaki.

Walikuja wakwe, walipita kando ya banda la nyasi, walikalishwa. Vyungu vikateremshwa vichwani: maboga, maharage, sombe yenye karanga, samaki mapale wakubwa wa kuchoma, chisense, uyoga mkavu. Mwisho Nkambo akafunua kuku. Alikaa mzima katika bakuli, shingo yake ile tupu imepindwa kwa heshima, na hakuna mtu wa Kabuta ambaye hangemtambua. Bwana harusi alikata kipande, akampa mama yake aanze. Mama yule alitafuna. Alitafuna sana, maana nyama ilikuwa ngumu na haikujificha. Alipomeza alimwangalia Nkambo.

"Bamayo, hii kuku njo ile ya shingo?"

"Njo yeye."

"Ile ilivuka na weye mu bwato?"

"Njo yeye."

Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua kipande cha pili, ambacho adabu haikumlazimisha kukichukua.

"Basi," akasema, "alishafika."

Tangu siku ile hakuuliza tena swali lake. Na mtu mwingine alipouliza mbele yake, sokoni au popote, yeye ndiye aliyejibu, na majibu yake sitayaandika hapa.

Bati la mjomba halikutupwa. Nkambo alisema wazo la kuzuia fungo lilikuwa jema, ila lilivishwa mahali pasipo pake. Mjomba aliyakata mabati vipande, akavizungushia kila nguzo ya banda la nyasi mithili ya soksi. Fungo alikuja, akakwangua bati, akateleza, akateleza tena, akaenda kutafuta riziki kwa wengine. Mjomba alijisifu kwa hilo hadi uzee wake, na Nkambo alimwachia ajisifu.

Leo mengi ya hayo hayapo. Nkambo amelala kwenye makaburi ya Kabuta, upande huu wa maji, kama alivyoagiza. Mjomba alirudi ng'ambo kuangalia mashamba, akafia huko. Mapale wakubwa vile siwaoni tena, na chisense wa siku hizi naona ni wadogo kuliko kumbukumbu yangu, labda ni kumbukumbu iliyonenepa. Nyasi za kuezekea unazifuata mbali. Watoto wa mama mdogo wanasema Kibemba kitupu, Kiswahili cha Nkambo wanakielewa kikiwa ni cha kuwagombeza tu. Banda lenyewe lilianguka nikiwa Mansa, na niliporudi nilikuta nguzo moja imesimama kwenye majani, na soksi yake ya bati iliyoliwa na kutu. Nilisimama pale nikaona uchungu kweli, sikufichi. Halafu nikaona hasira, na hasira ilinisaidia kuliko uchungu.

Kwa hiyo yule fundi alibaki na banda lake la buluu. Niliajiri vijana wawili wa kunikatia nguzo, na mashimo nikayachimba mimi mwenyewe, hadi mkono wangu ukaingia wote na bega likagusa ardhi. Ukuta mfupi nimeuweka upande wa ziwa. Pande ndefu ziko wazi, nimezishona kwa nyavu kuukuu, na sindano yangu ya ufundi imepata kazi ya maana kuliko sare za shule. Nguzo zote nimezivika bati. Jirani wanapita wanasema mama mzima, mwenye cherehani mbili, anajenga kama watu wa zamani. Nawaambia watu wa zamani kuku wao walikuwa hai.

Jana fundi alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, kuona ni nini kilichomnyima mteja. Sikumkaribisha kwa maneno mengi. Nilimwelekeza ndani. Aliinama, akaingia, akaketi kati ya fito, na kwa kuwa ni mtu wa kanisa aliimba. Aliimba beti zote, saa saba mchana, mwezi wa kumi, na alipomaliza alibaki humo ndani kidogo, kwa sababu nje kulikuwa na joto zaidi. Kuku wangu wapya, ambao bado wana kamba miguuni, walimtazama.

Alipotoka alijipangusa magoti, akazitikisa nguzo. Hazikutikisika.

"Imeingia sana, mayo," akasema. "Sasa siku mutahama, hii mutaitoa aje?"

Nilimpa maji ya kunywa kwanza, kwa sababu ni mgeni na jua lilikuwa kali. Kisha nikamwambia kwamba kuku wetu alishafika zamani, na aliyemla alikuwa mama mkwe wa mama mdogo, mtu wa hapahapa, na alirudia kipande cha pili.